Nguzo ya Ishirini na Moja

Mama anayeuza miti kando ya barabara hana subira, na mimi pia sina, kwa hiyo tulielewana haraka. Nilimwambia nataka nguzo za zizi la mbuzi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Ya kukauka ao ya mubichi?" Ni swali la kawaida, kila mnunuzi huulizwa. Mimi nilibaki nimesimama pale mdomo wazi mpaka akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Nikakwaruza kwa ukucha gome la nguzo iliyokuwa karibu. Chini ya gome palikuwa kijani, maziwa yakachuruzika, na harufu ikanipanda puani, chungu kidogo, tamu kidogo, harufu ya mukuyu uliokatwa jana. Papa alifariki kiangazi kilichopita. Siku za matanga nililia na watu wote, nikanyamaza na watu wote, nikadhani nimemaliza. Kumbe kilio kingine kilikuwa kinaningoja kwenye lundo la miti, mbele ya mama wa watu asiyenijua.

Basi nieleze, na nitaeleza upesi, maana jambo hili sijawahi kumwambia mtu na nikikawia nitalimeza tena.

Sisi tulikuwa watu wa kuhama. Nilizaliwa Moba. Papa alikuwa fundi wa mashini za mashua, na vita vilipokaribia tulipanda mashua aliyokuwa akiitengeneza, tukashukia Mpala. Mpala tulikaa msimu mmoja wa mahindi. Kisha tukaja Kalemie, na hapa Kalemie penyewe tulihama mara tatu kabla sijajua kuandika jina langu vizuri: chumba karibu na bandari, chumba nyuma ya kanisa, na chumba kwa ndugu wa Mama ambaye mke wake alihesabu vijiko kila tulipomaliza kula. Kila mahali Papa alifanya yaleyale. Hakupiga msumari ukutani. Nguo zetu zilitundikwa kwenye kamba, na kamba hufunguliwa kwa dakika moja. Sanduku la bati lilikaa mlangoni, na vitu vya chini kabisa ndani yake sikuwahi kuviona, maana halikupakuliwa lote. Shuleni mwalimu akiniuliza ninakaa wapi, nilitaja mtaa tuliokwisha kuuhama, wenzangu wanacheka.

Mimi nilimwona Papa kuwa mtu wa miguu inayowasha. Jioni alisimama nje akitazama ziwa, mikono mgongoni, akiegemea mguu huu, kisha ule. Mama alimwambia, Papa Feza, kaa basi, na yeye hakukaa. Nikaamini kwamba anapenda kuondoka, kwamba sisi tukishaanza kuzoea mahali yeye anachoka napo. Nilimkasirikia kwa hilo, hasira ile ya kimyakimya ambayo wakubwa wakiiona kwa mtoto huiita adabu.

Ndipo akatokea Mama Veronika. Alikuwa mjane, mtu wa familia za ziwani zilizokaa hapa tangu zamani, na alikuwa na kiwanja kirefu kilichopanda kilima. Alimjua Mama kwa mambo ya kanisa. Siku moja aliona jinsi tunavyolala, akasema huku nyuma ya kiwanja changu kuna nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, ingieni mukae, Mama Feza atanisaidia kulima. Tukaingia. Kwa mara ya kwanza maishani nililala bila miguu ya mtu mkubwa karibu na uso wangu. Asubuhi mashini za mashua zilisikika kutoka chini, na Papa, akinawa uso, alizitaja moja moja kwa mlio wake: hii ya fulani, hii inakohoa, hii haitafika Moba. Nilipapenda pale kwa nguvu zangu zote.

Shida ilikuwa mbuzi. Mjomba wangu wa Mpala alitutumia majike wawili kwa mtumbwi, na mmoja wao, mweupe, mwenye kutembea kwa maringo, tulimwita Madamu. Mama akawafunga kwa kamba, wakakata kamba. Walianza na majani ya muhogo ya Mama Veronika, sombe yake yote ya upande mmoja ikaisha. Mama akaomba radhi. Kisha Madamu akavuta kitenge cha Jumapili kutoka kwenye kamba ya kuanikia, akakitafuna mpaka katikati, pale pale kwenye picha ya Bikira. Hapo Mama Veronika alikuja mlangoni kwetu na kile kipande mkononi. Hakupayuka. Alisema zizi lijengwe ndani ya siku saba, la sivyo mbuzi warudi kwao. Halafu akaongeza maneno ambayo ninayo kichwani mpaka leo.

"Simikeni, sikatazi. Lakini nguzo ya kukauka tu. Mugeni asisimike kitu ya kuchipuka. Nguzo ikichipuka, mwenye kuisimika amekuwa wa hapa."

Papa alijibu ndiyo, amesikia. Sasa mimi mkubwa ninaelewa alichokuwa anaogopa yule mama. Huku kwetu kiwanja kinaweza kuwa na karatasi au kisiwe nayo, lakini mti una mashahidi. Watu wakigombania ardhi, chifu wa mtaa anauliza, huu mti nani aliupanda? Na mashemeji wa Mama Veronika, ndugu za marehemu mumewe, walikuja kila sikukuu kuzunguka kile kiwanja wakitafuta neno. Nguzo moja ya mgeni ikichipuka, wangesema mjane ameanza kugawa mali ya ndugu yao. Hayo sikuyajua. Nilikuwa nyuma ya mlango, kiazi kitamu mdomoni, nikasikia kwamba nguzo ikichipuka tumekuwa wa hapa. Wakubwa walisikia onyo. Mimi nilisikia ahadi.

Jumamosi Papa alinichukua kwenda kutafuta nguzo. Tulivuka daraja la Lukuga, tukatembea mpaka kwa mchoma makala mmoja, mtu wa kuchoma makaa, ambaye baiskeli yake ilikuwa imevunjika gurudumu la nyuma. Walikubaliana Papa aitengeneze, na sisi tuchukue nguzo zinazotosha zizi, kisha baiskeli ileile itubebee mpaka nyumbani. Papa alianza na kuchagua. Alitaka mubanga, mti ambao mchwa wanauacha. Alinifundisha huku akifanya. Kwanza unaipiga nguzo kwa mgongo wa panga na kusikiliza: iliyokauka inalia, mbichi inameza sauti. Pili unatazama ncha zote mbili kama kuna udongo wa mchwa. Tatu unakwaruza kwa ukucha, ukiona kijani, iache. Mwisho anaangalia upande uliokuwa juu mti ulipokuwa hai, huo ni kichwa, anaukata alama ndogo kwa panga. Kichwa ndicho kinachoingia shimoni. Nguzo iliyosimikwa kichwa chini haioti, alisema, haijui njia ya kurudi juu. Hata mubanga uliokauka miaka mingi aliuwekea alama. Baba yake alifanya hivyo, naye alifanya hivyo.

Tulizipiga nyingi, na nyingi alizitupa pembeni. Hakuridhika upesi, akazipiga tena zilezile, mpaka mchoma makala akamwuliza kwa utani kama anaoa. Zilipofika ishirini Papa alitengeneza baiskeli, kisha akachora zizi chini kwa kijiti, akahesabu, ikapungua moja ya mlangoni. Wakati huo mikono yake ilishajaa mafuta ya baiskeli. Akaniambia, nenda weye uchague ya mwisho, si umeona.

Nilikwenda nyuma ya lundo. Pale palikuwa na mukuyu uliokatwa kufungua njia, na tawi lake moja lililonyooka, nene kunishinda mkono, lilikuwa bado linatoa maziwa. Nikalipiga kwa jiwe. Halikulia. Nikakwaruza, kijani. Nilijua ninachofanya, nisijitetee leo. Nikachukua vumbi la makala, nikalipaka pale lilipokatwa mpaka maziwa yakanyamaza, nikasugua na gome lote likawa jeusi, nikaliburuta mpaka kwa Papa.

"Umepiga?" aliuliza.

"Nimepiga."

"Imelia?"

"Imelia, Papa."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa kwake. Alichukua panga, akakata alama kwenye kichwa, akapangusa panga kwenye suruali, akaifunga na zingine kwenye baiskeli. Njia nzima alisukuma baiskeli. Mimi nilisema sana, nilisema mambo ya shule, ya Madamu, ya mashua, mradi kusiwe na nafasi ya kuulizwa.

Jumatatu tukasimika. Papa alichimba kwa mtaimbo, mimi nikampa nguzo moja moja, na kila moja aliigeuza, alama chini, akaisimamisha, akakanyagia udongo. Nguzo yangu niliiacha mpaka zikabaki mbili tu, hiyo na moja ya mubanga. Alikuwa amesema ile ya ishirini na moja ni ya mlangoni. Alipoishika, akaipima mkononi, akaizungusha mara mbili. Kisha akasema mlangoni aweke nyingine, hii ikae kule kona ya nyuma, upande wa bonde, ambako kutoka kwa Mama Veronika huoni. Akachimba shimo lake refu kuliko mengine, akaisimika, akakanyagia udongo kwa kisigino muda mrefu. Nikajua nimemdanganya fundi mzima, na nisifiche, nilijivuna.

Tangu siku ile sikutulia. Kila asubuhi kabla ya shule nilikimbilia kona ya nyuma. Juu ya nguzo, karibu na ncha, palikuwa na ile alama ya panga, na nilizoea kutia kidole humo na kuomba, hata sijui nilimwomba nani. Kiangazi kilikuwa hakijaisha. Gome lilikauka, likaanza kupasuka, nikasema imekufa, nikalia kwenye choo cha nyuma nisionekane. Usiku nilisikia sanduku la bati likivutwa hata lisipovutwa. Papa akisimama nje kutazama ziwa, nami nilitoka nikasimama nyuma yake, nimlinde asiondoke.

Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha. Asubuhi moja, chini kidogo ya alama, palikuwa na kidonda chekundu kilichovimba, na kesho yake kidonda kilikuwa jani. Jani moja, limekunjwa bado. Nilimwambia Madamu peke yake. Kisha niliingia ndani, nikaokota msumari uliokuwa kwenye kopo la vifaa, nikaugonga ukutani kwa jiwe, tofali likamwaga unga, nikatundika sare yangu ya shule. Papa aliporudi aliutazama ule msumari. Nilingoja aung'oe. Alivua kofia yake akaitundika juu ya sare yangu, akaomba maji ya kunywa.

Tulikaa hivyo wiki kadhaa, na sijui kama nimewahi kuwa na wiki nzuri kuliko zile. Mbuzi walikula majani ya chini, ya juu yakawashinda, yakazidi. Sikukuu ikafika na mashemeji wakaja. Mkubwa wao alizunguka kiwanja kama kawaida yake, akafika kona ya nyuma, akakaa huko. Aliporudi alimwuliza Mama Veronika mbele ya watu wote, ni nani amepanda mukuyu kwenye kiwanja cha ndugu yetu.

Mama Veronika alikuja kwetu na shemeji nyuma yake. Uso wake ulikuwa umepauka. Hakutukana, laiti angetukana. Alimwuliza Papa tu ni nani aliichagua ile nguzo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Papa, nikafungua mdomo, na mkono wake ukashuka juu ya kichwa changu, mzito, ukabaki hapo.

"Ni miye," alisema. "Nilikosea kuchagua."

"Papa Feza, umeniua na watu hawa," alisema Mama Veronika, na machozi yakamtoka.

Papa alitaka kwenda kuing'oa saa ileile. Shemeji akasema mti hauna kosa, mti ubaki uwe shahidi wake, waondoke waliousimika. Tukapewa mpaka Jumapili. Mbuzi walirudishwa Mpala kwa mtumbwi, Madamu amegeuza uso kwa upande wa maji. Papa alitoa kofia na sare yangu ukutani, akavikunja. Msumari aliuacha.

Tukarudi chumba kimoja karibu na bandari. Mashua zilikuwa chache, mashini zilizokufa zilikuwa zimekufa kabisa, na baada ya miezi Papa alifunga kibunda kwenye baiskeli, akaenda Manono kuchimba madini na wengine. Alisema ni kwa muda. Aliporudi nilikuwa nimefika sekondari, ananizidi urefu kwa vidole viwili tu, na alikuwa na kikohozi kilichokaa naye mpaka mwisho. Kila alipokohoa, mimi nilisikia nguzo. Hayo ndiyo niliyoyabeba: kwamba niliwatoa watu wangu mahali pazuri kuliko pote tulipowahi kukaa, nikamtuma Papa Manono, na yeye akabeba kosa langu bila kujua ni langu. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho nilijaribu mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta amelala. Mara ya pili alikuwa macho, ananitazama, nikamwuliza kama anataka chai.

Mama muuza miti aliponirudia, nilimwambia anipe mubanga, na mukuyu mmoja. Akaniangalia, akanifungia mzigo.

Kiwanja nilicho nacho sasa ni changu, kina karatasi, na Mama anakaa nami. Nilichimba mwenyewe, sikutaka mtu. Nguzo za mubanga nilizisimika moja moja, alama chini, bila hata kufikiri, mikono inajua. Nikauchukua mukuyu. Nikatafuta kichwa, nikakata alama, panga likajaa maziwa, nikalipangusa kwenye kitenge changu. Hapo mkono ukasimama. Nikatazama kitenge, doa jeupe linanata. Nikatia kidole kwenye ile alama, nikakumbuka nilivyokuwa nikitia kidole kila asubuhi, nikinyoosha mkono juu, kwa ncha za miguu.

Juu. Nguzo ishirini zilikuwa na alama chini ya udongo. Moja tu ilikuwa na alama juu.

Niliacha panga pale pale. Mama alikuwa kivulini mwa nyumba, anachagua ndakala, dagaa wa ziwa, anatoa mchanga na vijiti. Nikamwuliza nikiwa bado natembea.

"Mama, Papa alijua ile nguzo ilikuwa mubichi?"

Hakuniuliza nguzo gani. Miaka yote ile, na hakuniuliza nguzo gani.

"Alijua," alisema. "Alirudi siku ile suruali imejaa maziwa ya mukuyu, nani njo alifua? Nikamwambia aitupe. Akaniambia, mutoto ametafuta pa kukaa, miye nitaitupa namna gani?"

Nilikasirika, nasema kweli. Sauti ilinipanda, nikamwambia mimi nilidhani Papa alipenda kuhama, alikuwa hakai, alikuwa anatazama maji kila jioni. Mama alitikisa ungo.

"Papa yako? Alichoka, Feza. Alichoka kutupita siye wote. Alisema labda Mama Veronika atazoea."

Nikamwuliza kwa nini basi hamkuniambia, hata nilipokuwa mkubwa, hata alipokuwa kitandani. Mama akasema Papa ndiye aliyekataa. Alisema wakiniambia, nitaona ni mimi niliyewatoa pale.

"Lakini mimi njo nimeona hivyo," nilimwambia. "Siku zote, Mama. Mpaka leo asubuhi."

Vidole vyake vikasimama juu ya ndakala. Kuku alikuja akadonoa pembeni na Mama hakumfukuza.

"Basi alikosea," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Kwenda usimike, mvua inakuja."

Nikarudi. Ule mukuyu sikuutia kwenye shimo la nyuma nililouandalia, nikauchimbia la mbele, kona ya barabarani, ambako kila mpita njia atauona. Nikausimamisha, alama juu. Nikakanyagia udongo kwa kisigino, nikakanyagia tena, na mvua ilipoanza nilikuwa bado nakanyagia.